SOMO: USALAMA WA MASHINE ZA KUGANDAMIZA GESI NDANI YA NYUMBA

Utangulizi

Mashine ya kugandamiza gesi, ambayo mafundi huiita kompresa, si kitu kigeni tena vijijini. Pale Mikumi, kando ya barabara kuu ya Morogoro na Iringa, kompresa za hewa hujaza matairi ya malori mchana na usiku. Kilosa mjini zimo katika karakana za uchomeleaji na za kupaka rangi. Tena, tangu Serikali ilipozindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, viongozi wa vyama vya ushirika wamekuwa wakiulizwa na wanachama wao iwapo chama nacho hakiwezi kuuza mitungi ya gesi, au kutengeneza gesi ya samadi na kuijaza katika mitungi.

Mradi wa namna hiyo unapofikiriwa, swali la kwanza la Bodi huwa ni bei ya mashine, na la pili ni mahali pa kuiweka. Jibu la swali la pili aghalabu hutolewa upesi: iwekwe ndani ya ghala, mlango ufungwe kwa kufuli, mwizi asiifikie. Somo hili linaeleza kwa nini jibu hilo, ambalo ni la busara kwa mashine ya kukoboa mpunga, laweza kuwa la maangamizi kwa mashine ya gesi. Na linaonyesha masharti ambayo hapana budi kuyatimiza kabla mashine haijawashwa.

Sehemu ya Kwanza: Mlipuko hutokana na nini

Gesi peke yake hailipuki. Ili mlipuko utokee lazima mambo matatu yakutane mahali pamoja: gesi inayowaka, hewa, na moto au cheche. Zaidi ya hayo, gesi na hewa lazima ziwe zimechanganyika kwa kiasi fulani. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia na ya gesi ya samadi, hulipuka inapokuwa kati ya asilimia 5 na asilimia 15 ya hewa ya chumba. Ikiwa pungufu ya hapo haishiki moto. Ikizidi hapo hewa haitoshi. Gesi ya mitungi ya kupikia hulipuka hata ikiwa kidogo zaidi, kuanzia asilimia 2 hivi.

Nje, penye upepo, gesi inayovuja hutawanyika na kwa kawaida haikai ikafikia kiasi hicho. Ndani ya nyumba iliyofungwa hujikusanya saa baada ya saa mpaka ifike. Tena inapowaka nje, joto na msukumo wake hupata pa kwenda. Inapowaka ndani ya kuta nne, msukumo huo huangusha kuta na paa juu ya waliomo. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mashine iliyo nje na mashine iliyo ndani.

Hata hivyo, nje nako hakuna usalama wa bure. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakakusanyika kuchota mafuta, mvuke wake ukashika moto, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, lori lenye gesi ya kupikia lililipuka katika kituo kilichokuwa katikati ya makazi. Watu kadhaa wakafa na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza baadaye kwamba maombi ya kibali kwa ajili ya kituo mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mwaka uliotangulia, kwa kuwa hayakutimiza masharti ya usalama. Kituo kiliendelea bila kibali, na waliolipa gharama ni majirani waliokuwa wamelala majumbani mwao.

Sehemu ya Pili: Hesabu ya ghala moja

Chukulia kuwa chama kina ghala dogo lenye urefu wa meta 5, upana wa meta 4 na kimo cha meta 3. Ujazo wake ni meta za ujazo 60. Asilimia 5 ya ujazo huo ni meta za ujazo 3. Maana yake ni kwamba methani ya meta za ujazo 3 ikivuja na kuchanganyika na hewa ya ghala hilo, ghala zima limekuwa kama baruti.

Je, kiasi hicho ni kikubwa? Mtungi wa lita 40 uliojazwa methani kwa mgandamizo wa kilo 200 kwa kila sentimeta ya mraba, unapofunguliwa, hutoa gesi ipatayo meta za ujazo 8. Mtungi mmoja tu unaovuja usiku unatosha kulijaza ghala hilo kupita kiwango cha hatari, na mtunza ghala anapowasha taa alfajiri, jambo limekwisha.

Kwa gesi ya kupikia hesabu ni mbaya zaidi. Mtungi wa kilo 15 ukivuja wote hutoa gesi ya meta za ujazo 7 hivi. Kwa kuwa asilimia 2 inatosha, gesi hiyo yaweza kuharibu hewa ya nyumba yenye meta za ujazo 350, yaani karibu maghala sita kama lile la mfano. Katibu anayepanga mitungi 30 katika chumba kisicho na tundu, kilicho ubavuni mwa ofisi ya chama, afanye hesabu hiyo kabla ya kutia sahihi hati ya kupokea mzigo.

Sehemu ya Tatu: Gesi nyepesi na gesi nzito

Methani ni nyepesi kuliko hewa. Uzito wake ni kama nusu ya uzito wa hewa. Ikivuja hupanda juu na kujificha chini ya paa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu hadi mbili. Ikivuja huteremka na kutambaa sakafuni kama maji, ikiingia katika mifereji, mashimo na vyumba vya chini.

Kutokana na tofauti hiyo, matundu ya hewa hayawezi kuwekwa popote kwa kubahatisha. Nyumba ya methani lazima iwe na uwazi juu kabisa, kwenye mgongo wa paa au mwisho wa ukuta, na uwazi mwingine chini wa kuingizia hewa safi, kwenye kuta zinazokabiliana. Nyumba ya gesi ya kupikia lazima iwe na uwazi usawa wa sakafu, na isiwe na shimo wala mfereji ndani yake au karibu nayo. Dirisha la katikati ya ukuta, ambalo ndilo lililozoeleka, halitoshi kwa gesi yoyote kati ya hizo mbili.

Sehemu ya Nne: Hatari iliyomo ndani ya mashine yenyewe

Aliyewahi kujaza baiskeli kwa pampu anajua kwamba pampu hupata moto mkononi. Hewa au gesi inapobanwa hupata joto, na kadiri inavyobanwa zaidi ndivyo joto linavyozidi. Kwa sababu hiyo kompresa ya mgandamizo mkubwa hubana kwa hatua, na kila baada ya hatua moja gesi hupozwa. Kipoza kilichozibwa na vumbi la kiangazi huifanya mashine ipate moto kupita kiasi, mafuta yake yaungue, na vali zake zipasuke.

Hatari ya pili ni hewa kuingia ndani ya mashine. Gesi ya samadi hutoka katika mtambo wake kwa mgandamizo mdogo sana. Kompresa ikivuta kwa nguvu kuliko gesi inavyozalishwa, bomba la kuvutia huwa na mvuto wa ndani, na hewa hupenya katika kila kiungo kilicholegea. Hapo mchanganyiko wa kulipuka hutengenezwa ndani ya mashine, kisha mashine hiyohiyo huubana na kuupa joto. Kinga yake ni swichi inayozima mashine mara mgandamizo wa bomba la kuvutia unaposhuka. Mashine isiyo na swichi hiyo isinunuliwe kwa kazi ya gesi inayowaka, hata kama bei yake ni nusu.

Hatari ya tatu ni uchafu wa gesi. Gesi ya samadi huwa na maji, na pia gesi yenye harufu ya yai viza, iitwayo hidrojeni salfaidi. Maji hayabaniki, na yakiingia ndani ya mashine huvunja vali. Hidrojeni salfaidi hula chuma na shaba, na ni sumu. Jambo la kutisha ni kwamba inapokuwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa. Basi mtu asiyesikia harufu tena asidhani kwamba gesi imekwisha. Gesi ipitishwe kwanza katika chombo cha kukusanyia maji na katika chujio la chembe za chuma chenye kutu, ambalo huinasa sumu hiyo.

Sehemu ya Tano: Je, mashine yahitajika kweli?

Mwanachama aweza kuuliza: ikiwa gesi ya dukani hujazwa katika mtungi mdogo wa jikoni, kwa nini gesi ya samadi ya chama isijazwe vivyo hivyo? Swali hili ni zuri na jibu lake laweza kukiokolea chama fedha nyingi.

Gesi ya kupikia ya dukani hugeuka kuwa kimiminiko inapobanwa kidogo tu, ndiyo maana kilo 15 zake huingia katika mtungi mdogo. Methani haigeuki kimiminiko katika joto la kawaida, hata ikibanwa namna gani. Ni mpaka ipozwe chini ya nyuzi 82 za baridi chini ya sifuri. Kwa hiyo ili kubeba methani ya kutosha lazima itiwe mgandamizo wa kilo 200 hivi kwa sentimeta ya mraba, katika mitungi minene iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mtungi wa jikoni haukutengenezwa kustahimili mgandamizo huo. Anayejaribu kujaza methani katika mtungi wa jikoni kwa kompresa ametengeneza bomu, na hapana fundi mwenye akili timamu atakayemsaidia.

Mara nyingi njia iliyo bora ni kuitumia gesi palepale inapotengenezwa. Katika shamba la mkonge la Hale, mkoani Tanga, mtambo wa kutengeneza gesi kutokana na mabaki ya mkonge ulizinduliwa mwaka 2008, na gesi yake ikatumika papo hapo kuendesha injini ya umeme. Mkonge hutoa singa karibu asilimia 4 tu ya jani, na yaliyobaki hutupwa. Wanachama wa Kimamba na Rudewa, wanaoyajua mashamba ya mkonge tangu zamani, wanaweza kuuona ukubwa wa mali hiyo. Bomba la mgandamizo mdogo kutoka zizini hadi jikoni mwa shule au zahanati ya jirani halihitaji kompresa kubwa wala mitungi. Bodi iulize kwanza swali hili, kisha ndipo iulize bei ya mashine.

Sehemu ya Sita: Mahali pa kufunga mashine

Ikiwa imeamuliwa kwamba mashine ni lazima, banda la wazi ni bora kuliko nyumba. Paa jepesi la bati juu ya nguzo za chuma, na wavu mzito wa nondo pande zote, huzuia mwizi na mvua lakini hauzuii upepo. Banda hilo ni rahisi kulijenga kuliko chumba cha matofali, na wakati huohuo ndilo kinga ya kwanza dhidi ya mlipuko. Mwizi huzuiwa kwa nondo na mlinzi. Hakuna haja ya kumzuia kwa ukuta uliozibwa.

Pale ambapo nyumba haiepukiki, masharti yafuatayo yatimizwe yote:

(a) Nyumba isimame peke yake, mbali na ofisi, ghala la mazao, duka na makazi. Isiungane kwa mlango wala dirisha na chumba chenye watu.

(b) Paa liwe jepesi ili, msukumo ukitokea, liruke juu na kuta zibaki. Paa la zege halifai.

(c) Matundu ya hewa yawe juu na chini kama ilivyoelezwa, na yasizibwe kwa magunia wakati wa masika wala kwa sababu ya vumbi.

(d) Milango ifunguke kwa nje, na iwe miwili.

(e) Bomba la vali ya usalama litoke nje na kupanda juu ya paa. Vali inayopumulia ndani ya chumba huleta hatari ileile inayotakiwa kuzuiwa.

(f) Kitufe cha kuzimia mashine na vali ya kufungia gesi viwepo nje ya nyumba, mahali panapofikika bila kupita mbele ya mlango.

(g) Kiwanja kisiwe bondeni. Mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi. Maji ya namna hiyo huelea na mitungi, hukata mabomba na kuacha gesi ikivuja pasipo mtu wa kuifunga.

Sehemu ya Saba: Umeme, joto na cheche

Swichi ya kawaida hutoa cheche kila inapowashwa na kila inapozimwa. Mota ya kawaida, taa, feni, soketi na simu ya mkononi navyo ni hivyo hivyo. Kanuni za kimataifa, zijulikanazo kwa namba IEC 60079, hugawa mahali pa gesi katika maeneo matatu: pale ambapo gesi ipo daima au kwa muda mrefu, pale ambapo yaweza kuwapo katika kazi ya kawaida, na pale ambapo huwapo kwa nadra na kwa muda mfupi. Kwa kila eneo huruhusiwa vifaa vya umeme vya aina yake, vyenye alama ya Ex. Ikiwa chama hakiwezi kununua vifaa hivyo, basi vifaa vyote vya umeme viondolewe ndani ya nyumba hiyo, na mota isimame nyuma ya ukuta usiopitisha gesi.

Injini ya dizeli nayo isikae chumba kimoja na kompresa ya gesi. Injini hiyo huvuta hewa. Ikivuta hewa yenye gesi hukimbia kupita mwendo wake, wala haizimiki kwa kufunga mafuta. Mikanda ya mpira na mabomba huweza kujikusanyia umeme wa msuguano, hivyo mashine, mabomba na mitungi yote iunganishwe na waya wa ardhini.

Mahali pakubwa huwekwa kipimo kinachonusa gesi. Desturi ni kengele kulia gesi inapofikia moja ya tano ya kiwango cha chini cha kulipuka, ambayo kwa methani ni asilimia 1 ya hewa, na mashine kujizima kabla gesi haijafika nusu ya kiwango hicho. Kipimo cha methani huwekwa juu, cha gesi nzito huwekwa chini.

Mwisho, jiko la mkaa. Kilosa ni wilaya ya mkaa, na mlinzi wa usiku hupenda kuota moto. Jiko, sigara na kazi ya kuchomelea vipigwe marufuku kwa bango na kwa vitendo. Fundi akihitaji kuchomelea, Katibu atoe kibali cha maandishi baada ya gesi kufungwa, mabomba kusafishwa na hewa kupimwa.

Sehemu ya Nane: Kompresa ya hewa

Wengine husema kwamba kompresa ya kujazia matairi haina hatari kwa kuwa hewa haiwaki. Tangi lenye kipenyo cha sentimeta 45, likiwa na mgandamizo wa kilo 8 kwa sentimeta ya mraba, husukuma kila kifuniko chake cha mwisho kwa nguvu ya zaidi ya tani 12. Maji yanayojikusanya chini ya tangi hulila chuma kwa ndani, mahali pasipoonekana. Siku ukuta wa tangi unaposhindwa, vipande vyake hutoka kama risasi.

Kwa hiyo maji yafunguliwe chini ya tangi kila siku. Vali ya usalama isifungwe kwa waya wala kukazwa ili “ipate nguvu zaidi”. Tangi lenye kutu lisitiwe kiraka cha kuchomelea. Linapopimwa lijazwe maji wala si hewa, kwa sababu maji hayahifadhi nguvu: tangi likipasuka kwa maji huvuja tu, likipasuka kwa hewa huua.

Sehemu ya Tisa: Wajibu wa Bodi na Katibu

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, humtaka mwajiri asajili mahali pa kazi na kuwalinda wafanyakazi wake. Chama chenye mtumishi hata mmoja ni mwajiri. Vyombo vya mgandamizo hukaguliwa na wakaguzi wa Wakala wa OSHA, na biashara ya gesi ya mitungi huhitaji leseni ya EWURA. Ramani ya jengo ipelekwe kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla msingi haujachimbwa, maana ni rahisi kuhamisha mstari wa kalamu kuliko ukuta.

Katibu atunze daftari la mashine. Humo aandike tarehe ya kila ukaguzi, kila uvujaji uliogunduliwa, kila vali iliyobadilishwa na jina la fundi. Daftari hilo lisomwe katika kikao cha Bodi kama lisomwavyo daftari la fedha.

Gesi ikinusika, mtu asiwashe wala asizime swichi yoyote ndani. Afunge gesi kwa vali ya nje, awatoe watu, azuie magari na apige simu namba 114. Ikiwa gesi inayotoka bombani imekwisha kushika moto, isizimwe mpaka chanzo chake kifungwe. Moto ukizimwa gesi ikaendelea kutoka, hujikusanya na kulipuka.

Muhtasari

Gesi iliyofungiwa ni hatari kuliko gesi iliyo wazi. Methani hupanda, gesi ya kupikia huteremka. Banda la wavu hushinda ghala la kufuli. Mashine isiyohitajika isinunuliwe, na inayohitajika isiwashwe kabla ya kukaguliwa. Fedha za chama zikipotea zaweza kuchangwa upya. Mwanachama akipotea, hakuna mkutano mkuu uwezao kumrudisha.

Maswali ya kujadiliwa na wanachama

1. Pimeni ghala la chama chenu. Ni meta za ujazo ngapi za methani zitakazolifikisha kwenye kiwango cha kulipuka?

2. Kwa nini tundu la hewa linalofaa kwa methani halifai kwa gesi ya mitungi ya kupikia?

3. Mjumbe wa Bodi amependekeza kompresa iwekwe ndani ya ofisi ili isiibwe. Mpeni jibu, na mchore banda mnaloona linafaa.

4. Katika kijiji chenu, ni nani atumiaye kompresa ya hewa? Tangi lake lilikaguliwa lini, na na nani?